Maswali ya Wasomaji: Kuvu ya Michikichi na Njaa ya Potasiamu

Barua zilizotufikia msimu huu kuhusu michikichi ni nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, mbolea inaweza kuukinga mchikichi usishikwe na kuvu? Tumechagua barua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba kiini cha suala lote.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na mkulima wa Bumula, Kaunti ya Bungoma. Nina michikichi 80 hivi niliyoipanda katika shamba lililokuwa la miwa, na sasa imeanza kuzaa. Tangu mwaka jana makuti ya chini yanatokwa na madoa ya rangi ya chungwa, madoa hayo yanaungana, kisha kuti linakauka kuanzia nchani. Muuzaji wa pembejeo mjini aliniambia kwamba ni kuvu, akaniuzia dawa ya kunyunyizia, lakini sijaona nafuu yoyote. Miti huwa naiwekea CAN au urea, na mahindi ninayopanda katikati yake nayapa DAP. Nimesikia kwamba kuna mbolea inayokinga mchikichi dhidi ya kuvu. Ni kweli? Na kama ni kweli, ni ipi?

JIBU: Mwalimu, ahsante kwa maelezo yaliyonyooka. Umetaja rangi ya madoa, mahali yalipoanzia na mbolea unayotumia, na mambo hayo matatu yanatosha kutufanya tushuku kwamba ulichouziwa dawa si kuvu hata kidogo. Madoa ya chungwa yanayoanzia kwenye makuti makongwe, yanayopitisha mwanga ukiinua jani ukalitazama kuelekea jua, na ambayo baadaye huungana na kukausha ncha na kingo, ndiyo dalili inayojulikana zaidi ya mchikichi uliokosa potasiamu. Doa la kuvu kwa kawaida huwa na kitovu cheusi au cha kahawia kilichokauka, mara nyingi kimezungukwa na duara la manjano, na huonekana zaidi kwenye miche ya kitalu kuliko kwenye miti mikubwa. Kuna tahadhari moja: ukiona mti mmoja pekee umejaa madoa ya chungwa huku majirani zake wote ni kijani kibichi, huenda hiyo ni hali ya kurithi ya mti huo, na mbolea haitaibadilisha.

Kabla hujakubali utambuzi wetu, angalia pia magnesiamu, kwa maana njaa yake hufanana na ya potasiamu kwa mtu asiyezoea. Mti uliokosa magnesiamu hugeuza makuti ya chini kuwa manjano yanayoelekea chungwa bila madoa mahususi, na ajabu yake ni kwamba sehemu ya jani iliyofunikwa na jani jingine hubaki kijani ilhali iliyopigwa na jua hupauka. Inua jani la juu utazame chini yake. Ukikuta kivuli chake kimechorwa kwa rangi ya kijani, basi magnesiamu imepungua.

Sasa tuje kwenye chanzo. Muwa ni mmea unaochukua potasiamu nyingi sana, na mashamba mengi ya Bungoma, Kakamega na Busia yalilimwa miwa kwa miaka mingi huku wakulima wakirudisha naitrojeni na fosforasi peke yake. Ukaja mchikichi, ambao nao ni mlaji mkubwa wa potasiamu. Tazama mbolea zako: DAP ina naitrojeni na fosforasi, CAN ina naitrojeni na kalsiamu, urea ina naitrojeni tu. Hakuna hata moja yenye potasiamu. Vipimo vya muda mrefu vinaonyesha kwamba kila tani moja ya mikungu inayovunwa huondoka shambani na takriban kilo 3.7 za potasiamu, kilo 2.9 za naitrojeni, na chini ya nusu kilo ya fosforasi. Mti unaotoa kilo 60 za mikungu kwa mwaka basi huondokewa na gramu 220 hivi za potasiamu, ambazo kuzirudisha huhitaji karibu gramu 450 za mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu), au kilo moja na nusu ya NPK 17:17:17. Hiyo ni potasiamu ya mavuno peke yake. Shina linalorefuka na makuti mapya nayo yanadai sehemu yake.

Hapo ndipo kuvu inapoingia, kwa hiyo aliyekwambia kwamba mbolea hukinga hakukosea. Potasiamu ndiyo inayousaidia mmea kusafirisha sukari kutoka kwenye majani na kugeuza naitrojeni kuwa protini. Ikikosekana, sukari na chembechembe za naitrojeni ambazo hazijatumika hulundikana ndani ya seli, kuta za seli huwa nyembamba, na vitundu vya kupumulia vya majani hushindwa kufunga upesi wakati wa kiangazi. Kuvu hula hasa vyakula hivyo vilivyolundikana. Mkulima akiongeza urea juu ya hali hiyo, mti huonekana umenawiri kwa wiki chache, lakini kwa hakika ameongeza chakula cha adui na kulainisha ukuta uliopaswa kumzuia. Ni sawa na kuongeza vyumba kwenye nyumba ya udongo ambayo kuta zake hazijakandikwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu mchikichi unatokana na ugonjwa wa mnyauko wa fuzari, ambao umesumbua mashamba ya Afrika ya Magharibi na ya Kati kwa miongo mingi. Kuvu yake, Fusarium oxysporum, hukaa udongoni kwa miaka, huingia kwa mizizi, kisha huziba mishipa ya kupandishia maji. Majaribio ya mbolea katika maeneo hayo yalionyesha kwamba miti iliyopewa potasiamu ya kutosha ilinyauka kwa idadi ndogo kuliko ile isiyopewa. Ni muhimu kusoma sentensi hiyo kama ilivyo: idadi ilipungua, haikuisha. Kinga kuu ya fuzari ni aina za michikichi zilizochaguliwa kwa ustahimilivu, na kutopanda karibu na visiki vya miti iliyokufa kwa ugonjwa huo. Lishe huja baada ya hapo.

Ili usichanganye, mnyauko wenyewe hujidhihirisha hivi: kwenye mti mchanga, kuti moja au mawili ya katikati ya taji hugeuka manjano makali kabla ya mengine, kwenye mti mkubwa, makuti hukauka na kuvunjika karibu na shina yakabaki yananing'inia, na ukikata shina au sehemu ya chini ya kuti, nyuzi za ndani huwa zimebadilika kuwa kahawia au nyeusi. Ukikuta nyuzi za namna hiyo, usisubiri toleo lijalo la gazeti hili. Mwite afisa wa kilimo wa wadi siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye tiba ya shamba lako. La kwanza ni kuacha kununua dawa ya kuvu kwa ajili ya madoa hayo. La pili ni kupima. Kipimo cha udongo kitakueleza kiwango cha asidi, na sehemu kubwa ya udongo wa magharibi una asidi iliyozidi kwa sababu ya mvua nyingi na DAP ya miaka mingi. Katika udongo wa namna hiyo kalsiamu na magnesiamu huwa haba, na mizizi midogo huteseka. Chokaa ya shambani, kama ile inayochimbwa Koru, hurekebisha hali hiyo taratibu, na ukipata chokaa yenye magnesiamu ndani yake utakuwa umetatua mambo mawili kwa gunia moja. Lakini kwa mchikichi, kipimo cha jani husema kweli zaidi kuliko cha udongo. Wataalamu hutumia kuti la 17 kwa miti inayozaa na la 9 kwa miti michanga. Hesabu haina ugumu: kuti changa kabisa lililokwisha kufunguka ndilo la 1, shuka kwa mstari wa mzunguko wa shina, la chini yake katika mstari huo huo ni la 9, na linalofuata ni la 17. Vijani vichache vya katikati ya kuti hilo, vikiwa vimekaushwa, ndivyo vinavyopelekwa maabara. Potasiamu ikiwa chini ya asilimia 1 ya uzito mkavu, au magnesiamu chini ya asilimia 0.24 hivi, mti una njaa. Ukikosa uwezo wa kupima miti yote, changanya sampuli kutoka miti kadhaa iliyotawanyika shambani, kisha ulipie kipimo kimoja.

Kuhusu kiasi, mti ulioanza kuzaa kwa kawaida huhitaji kilo moja hadi mbili za MOP kwa mwaka, na shamba lililochoka kama lako linaweza kuhitaji kiwango cha juu kwa muda. Igawe mara mbili: baada ya mvua za masika kushika, na tena mvua za vuli zinapoanza. Usiweke wakati wa mvua kubwa za mfululizo, kwa sababu potasiamu huchukuliwa na maji kwa urahisi, wala usiweke kiangazi cha Januari. Isambaze kwa uwazi kuzunguka mti chini ya makuti, si rundo moja kwenye shina, kwa maana mizizi inayokula iko mbali na shina kuliko watu wengi wanavyodhani. Muuzaji akikushawishi ununue potasiamu ya salfeti kwa hoja kwamba klorini iliyo katika MOP inaunguza mimea, mjibu kwamba hoja hiyo ina nguvu kwa tumbaku, lakini jamii ya minazi na michikichi huihitaji klorini. MOP ni nafuu zaidi na inafaa.

Jambo moja la kuangalia sana: potasiamu na magnesiamu hugombania mlango mmoja kwenye mzizi. Ukimwaga MOP nyingi bila kuangalia magnesiamu, baada ya mwaka utatuandikia kwamba madoa yameisha lakini makuti sasa yamekuwa ya manjano. Nusu kilo ya magnesiamu salfeti kwa mti kwa mwaka huzuia hali hiyo mahali ambapo kipimo kimeonyesha upungufu. Boroni nayo ina kazi yake katika ujenzi wa kuta za seli. Upungufu wake huonekana kwenye makuti machanga, ambayo ncha zake hupinda kama ndoana au vijani vyake kukunjamana. Gramu 50 hadi 100 za boraksi kwa mti mkubwa kwa mwaka zinatosha, na hapa tunasisitiza, kwa kuwa boroni ikizidi kidogo tu hugeuka sumu. Shaba na manganisi hushiriki katika kutengeneza lignini, yaani ule ugumu wa mti, lakini usizinunue kabla ya kipimo kukuelekeza.

Usichome makuti unayopogoa. Yapange kwa mistari kati ya safu za miti yaoze hapo hapo, kwa kuwa yamebeba potasiamu ambayo umekwisha kuilipia. Mikungu mitupu inayobaki baada ya kutoa matunda ni tajiri zaidi, ila iwe ya shamba lako. Usilete ya shamba ambalo hujui afya yake. Majivu ya jikoni nayo yana potasiamu na kalsiamu, na yanapunguza asidi. Usiyachanganye na urea, DAP au samadi ya kuku, kwa sababu naitrojeni itapaa hewani. Na mahindi yako yapewe chakula chake, yapandwe mbali na duara la mti, wala jembe lisichimbe humo, kwa maana kila mzizi unaokatwa ni mlango kwa kuvu za udongoni.

Makuti yaliyokwisha kuwa ya chungwa hayatarudi kuwa kijani. Tazama yale yatakayofunguka kuanzia sasa. Mchikichi hubadilisha taji lake polepole, kwa hiyo itakuchukua zaidi ya mwaka kuona mti mzima umebadilika.

SWALI: Nina kitalu cha miche ya michikichi karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Majani yametokwa na madoa ya kahawia yenye ukingo wa manjano. Ninawapa urea kila wiki ili wakue haraka. Jirani yangu anasema nichanganye majivu ya maganda ya mpunga kwenye mifuko kwa sababu yanazuia kuvu. Je, nimsikilize?

JIBU: Mama, wewe tunadhani una kuvu kweli, na urea ya kila wiki ndiyo inayoikaribisha. Punguza. Mche wa kitalu unahitaji mbolea mchanganyiko yenye potasiamu na, ikipatikana, magnesiamu, iliyoyeyushwa kwa wepesi kwenye maji, kwa kuwa mbolea kavu iliyokolea huunguza mizizi michanga. Lakini lishe haitafanya kazi ikiwa majani yanalala yamelowa. Mwagilia asubuhi, elekeza maji kwenye udongo badala ya majani, tenganisha mifuko ili hewa ipite (miche inayokaribia mwaka mmoja huhitaji karibu sentimita 90 kutoka mmoja hadi mwingine), na ukate majani yaliyoathirika uyatoe kitaluni. Kwa hali ya kitalu dawa ya kuvu ina nafasi yake, mradi iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB, na itumike kwa maelekezo ya kibandiko.

Kuhusu majivu, jirani yako ana hoja. Maganda ya mpunga yana silika nyingi, yaani madini kama yale ya mchanga, na majaribio ya miche nchini Malaysia yameonyesha kwamba silika hupunguza mashambulizi ya Ganoderma, kuvu inayoozesha kitako cha mchikichi katika nchi hizo za Asia. Silika hutuama kwenye ngozi ya mmea na kuifanya iwe ngumu kupenywa. Wewe uliye karibu na mashamba ya mpunga ya Ahero unaweza kupata maganda bila gharama kubwa. Zingatia mambo mawili. Majivu yaliyochomwa kwa moto mkali mno hadi kuwa meupe hutoa silika kwa shida kuliko yale ya kijivu yaliyoungua polepole. Pia majivu hupandisha kipimo cha pH cha udongo wa mfuko haraka, yaani huondoa asidi yake, kwa hiyo anza na kiasi kidogo kwenye mifuko michache, uilinganishe na isiyotiwa, kabla ya kutia kitalu kizima.

SWALI: Ninaishi viungani mwa mji wa Nakuru. Nilipanda michikichi mitano, imedumaa na majani yake yanapauka. Nitumie mbolea gani isije ikashikwa na ugonjwa?

JIBU: Hakuna. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi kupita kiasi kwa mmea huu, ambao hupendelea wastani wa nyuzijoto 24 hadi 28 na ambao mche wake husimama kukua joto likifika 15. Ni kweli kwamba shirika la FAO lilileta magharibi mwa Kenya miche chotara inayostahimili baridi kutoka Costa Rica, lakini ustahimilivu huo ulilengwa maeneo kama Busia na Kakamega, si Bonde la Ufa la juu. Mizizi iliyopoa hainyonyi mbolea hata ukiimwagia gunia. Pesa hiyo itumie kwenye parachichi.

SWALI: Mchikichi wangu mmoja hapa Busia umetoa kitu kama uyoga mgumu chini ya shina, na makuti ya chini yameanguka yakalizunguka shina. Nimeambiwa nitoboe tundu nijaze mbolea ya potasiamu na shaba. Ninaomba ushauri wa haraka.

JIBU: Usitoboe. Uyoga unaoonekana nje ni matunda ya kuvu ambayo imekuwa ikila mti kwa ndani kwa muda mrefu. Katika ugonjwa wa Ganoderma, dalili zinapofika kwenye makuti, nusu ya kitako au zaidi huwa imekwisha kuoza. Hakuna mbolea inayorudisha mbao iliyooza, na tundu ulilotoboa litakuwa mlango mwingine. Lishe ilikuwa na nafasi kabla ya siku hiyo, na bado ina nafasi kwa miti inayouzunguka huo mgonjwa: hakikisha imepata potasiamu na magnesiamu, usiizidishie urea, na usiijeruhi mizizi yake.

Kwanza tambua ni kuvu gani, maana si kila uyoga wa kitakoni ni Ganoderma. Katika mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni au yaliyokuwa na miti mikubwa, kuna Armilaria, ile inayowasumbua wakulima wa chai. Uyoga wake ni laini wa rangi ya asali, na ukibandua gamba la mzizi utakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Wako, kwa kuwa ni mgumu kama mbao, unaelekea zaidi kuwa wa jamii ya Ganoderma. Funga kipande kwenye karatasi, si plastiki, ukipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Alupe, ambacho hakiko mbali nawe.

Wakikuthibitishia kwamba ni mojawapo ya kuvu hizo mbili, kata mti, uchimbue kitako chote pamoja na mizizi minene kwa kina cha karibu mita moja, ukipasue vipande vidogo vikaushwe na jua na kuchomwa. Hapo ndipo peke yake tunapokuruhusu kuchoma. Shimo lisipandwe mchikichi kwa sasa, wala mti mwingine wowote, wala muhogo, kwa kuwa Armilaria huushambulia pia. Mahindi au nyasi za ng'ombe zinafaa hapo kwa misimu kadhaa, na miti sita iliyo karibu zaidi na shimo hilo uikague vitako vyake kila mvua zinapoanza.